Kwenda Komoro: Mambo ya Lazima kwa Msafiri Atokaye Lubumbashi

Makala haya yamekusudiwa wanafunzi na walimu wa Lubumbashi ambao, kwa ajili ya utafiti, mkutano au matembezi tu, wanafikiria kwenda katika Muungano wa Komoro. Miongozo ya watalii juu ya visiwa hivyo ipo, na mingi imeandikwa kwa Kifaransa. Hata hivyo, imeandikwa kwa ajili ya mtu atokaye Ulaya, ambaye haja yake kubwa ni kujua ufuko gani una mchanga mweupe na ni dawa ipi ya malaria anayopaswa kumeza. Msafiri wa kwetu malaria anaijua tangu utotoni. Yeye anakwenda na Kiswahili mdomoni na Kifaransa mfukoni, akiamini kwamba kwa lugha hizo mbili hatapotea. Ni kweli hatapotea. Lakini atasikia maneno anayodhani ameyaelewa, naye atakuwa hajayaelewa. Na kosa la namna hiyo ni baya kuliko kutojua kabisa, kwa kuwa asiyejua huuliza. Ndiyo maana katika maelezo yafuatayo nitapita haraka kwenye mambo ya nauli na fedha, ambayo hubadilika kila mwaka, nami nitakaa zaidi kwenye lugha na adabu.

NCHI YENYEWE

Visiwa vya Komoro vimo katika mlango wa kaskazini wa Mkondo wa Msumbiji, baina ya bara la Afrika na Madagaska. Ni vinne: Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore. Wafaransa waliviita Grande Comore, Anjouan, Mohéli na Mayotte, na majina hayo ndiyo yanayoonekana katika ramani nyingi za shuleni kwetu. Vitatu vya kwanza ndivyo vilivyo chini ya serikali ya Moroni. Cha nne kimo chini ya Ufaransa, na habari zake zitafuata. Eneo la visiwa hivyo vitatu ni kiasi cha kilomita za mraba 1,860 tu, ilhali mkoa wetu wa Haut-Katanga peke yake unazidi kilomita za mraba 130,000. Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu watu wapatao 758,000. Hivyo mtu aliyezoea safari ya siku mbili kwa gari bila kutoka mkoani atakuta nchi ambayo kisiwa chake kikubwa anaweza kukizunguka kwa siku moja, na bado akaambiwa kwamba watu wa upande ule mwingine wana maneno yao na desturi zao.

Ngazija ni kisiwa cha volkeno. Mlima Karthala, wenye urefu wa mita 2,361, ungali hai. Ulilipuka mara mbili mwaka 2005, na majivu yake yakaharibu maji ya matangi ambayo wanakijiji walikuwa wakiyategemea. Jambo hili lafaa kueleweka vizuri. Ngazija haina mito. Mvua hunyesha kwa wingi, lakini jiwe la volkeno huyanywa maji yote, na watu huishi kwa matangi ya kukinga mvua na visima vya karibu na bahari ambavyo maji yake yana chumvi kidogo. Mgeni anayekaribishwa katika nyumba ya kijijini na kuoga kana kwamba yuko ukingoni mwa mto Lualaba anamaliza maji ya wenyeji wake. Nzwani kuna mito na mabonde yenye rutuba, japo watu ni wengi mno kwa ardhi iliyopo. Mwali ni kidogo na kitulivu kuliko vyote. Bahari yake ya kusini imehifadhiwa tangu mwaka 2001, na huko Itsamia kasa hupanda ufukoni usiku kutaga mayai.

Uhuru ulitangazwa tarehe 6 Julai 1975. Yaliyofuata ni hadithi ya mapinduzi yasiyokwisha, na katika hadithi hiyo limo jina ambalo wazee wa Lubumbashi hawalisikii kwa mara ya kwanza. Bob Denard, Mfaransa aliyepigana Katanga mwanzoni mwa miaka ya 1960 miongoni mwa mamluki wa Moïse Tshombe, ndiye aliyeongoza mapinduzi ya Mei 1978 yaliyomwondoa Ali Soilih, na watu wake ndio walioshika nguvu za kijeshi visiwani mpaka Rais Ahmed Abdallah alipouawa Novemba 1989. Alirudi tena mwaka 1995, akaondolewa na jeshi la Ufaransa. Na kama sisi tulivyojua kujitenga kwa Katanga, wao walijua kujitenga kwa Nzwani, kulikoanza mwaka 1997. Katiba ya mwaka 2001 ilijaribu kuponya jeraha hilo kwa kuufanya urais uzunguke baina ya visiwa. Utaratibu huo ulilegezwa na kura ya maoni ya mwaka 2018. Mwaka 2008 majeshi ya Umoja wa Afrika, wakiwemo askari wa Tanzania, yaliingia Nzwani kumwondoa Mohamed Bacar aliyekataa kuachia madaraka. Msafiri asiyajadili mambo haya kwa wepesi mezani mwa mwenyeji wake. Kila kisiwa kinayasimulia kivyake.

LUGHA: DADA, SI MTOTO

Tuje sasa kwenye jambo linalotuhusu sisi wasomaji wa jarida hili. Wakomoro wanasema Kikomoro, ambacho wenyewe hukiita Shikomori, chenye lahaja nne: Shingazidja, Shimwali, Shindzuani na Shimaore. Mbili za kwanza zinakaribiana, na mbili za mwisho vivyo hivyo. Katiba inaitaja lugha hii kuwa lugha rasmi pamoja na Kifaransa na Kiarabu. Kifaransa ndicho cha ofisini na cha shule za serikali. Kiarabu ni cha dini, na pia cha elimu kwa wengi waliosoma nje katika nchi za Kiarabu. Nyumbani, sokoni na katika kiwanja cha kijiji husemwa Kikomoro.

Kwa muda mrefu wataalamu walikiweka Kikomoro pamoja na lahaja za Kiswahili. Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie kimepewa alama ya G44, ndani ya kundi la Kiswahili. Sababu zilikuwepo: msamiati unafanana mno, Uislamu na maneno ya Kiarabu ni ya wote, na tena masultani wa visiwa hivyo waliandikiana barua kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu. Hata tarehe ya Ngazija iliyoandikwa na Said Bakari bin Sultani Ahmed, ambayo Lyndon Harries aliichapisha mwaka 1977, imeandikwa kwa Kiswahili. Lakini lugha ambayo watu wanaiandika siyo daima lugha wanayoisema. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao kikubwa cha mwaka 1993 juu ya historia ya lugha za Sabaki, walionyesha wazi kwamba Kikomoro ni tawi linalojitegemea la Sabaki, sambamba na Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na Kielwana. Hao wote ni ndugu wa tumbo moja. Hakuna aliyemzaa mwenzake.

Kwa nini niseme hayo katika makala ya safari? Kwa sababu msafiri anayedhani kwamba Kikomoro ni Kiswahili kilichoharibika atayasikiliza mazungumzo ya wenyeji kwa sikio la kusahihisha. Na sisi wa Lubumbashi tungekuwa watu wa mwisho kufanya hivyo. Kiswahili chetu kimeitwa kibovu kwa vizazi kadhaa. Kilifika Katanga pamoja na misafara ya karne ya 19, zama za Msiri na Bunkeya. Kikakua katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière, kikachanganyika na lugha za watu waliotoka kila upande, kikapata sura yake yenyewe: batu na batoto badala ya watu na watoto, mu nyumba badala ya nyumbani, siye badala ya sisi. Shuleni tulifundishwa Kiswahili bora, nyumbani tukaendelea na chetu. Mwenzetu akienda Dar es Salaam au Unguja akifungua kinywa, mara nyingi huchekwa kabla hajamaliza sentensi. Anayejua uchungu wa kuchekwa hivyo asiupeleke Moroni.

Maneno yafuatayo ni machache, lakini ni yale yanayomkwaza msemaji wa Kiswahili katika siku yake ya kwanza.

La kwanza ni marahaba. Kwa Mswahili wa pwani hilo ni jibu la mkubwa aliyepewa shikamoo. Kwa Mkomoro maana yake ni ahsante. Ukimpa mzee kiti naye akasema marahaba, hajakukumbusha kwamba hukumsalimu, anakushukuru. Nawe ukipewa chai, marahaba ndilo neno la kusema.

La pili ni mbona. Mdogo akikutana na mkubwa husema kwezi, naye mkubwa hujibu mbona. Mgeni wetu husimama akijiuliza amekosa nini hata aulizwe kwa ukali namna ile, kumbe ndiyo heshima yake imepokewa. Kwezi na mbona ni kama shikamoo na marahaba za pwani. Kwa watu wa rika moja salamu ni bariza, inayokaribiana na habari yetu, na jibu lake ni njema, neno ambalo halihitaji kufasiriwa.

La tatu ni silabi hu-. Katika Kiswahili sanifu silabi hiyo mwanzoni mwa kitenzi yaonyesha mazoea: hupika, hulima. Kwetu Lubumbashi kazi hiyo tunaifanya kwa kuongeza -ka mwishoni, kama katika anasemaka, hivyo hu- huwa tunaijua vitabuni zaidi. Katika lahaja ya Ngazija hu- ni alama ya kitenzi-jina, yaani ku- yetu. Hupiha ni kupika. Hakuna mazoea yoyote hapo. Anayetambua kwamba k ya Kiswahili katika maneno mengi ya Kingazija ni h, kama katika mhono ambao ni mkono, na kwamba t mara nyingi ni r, kama katika -raru ambayo ni -tatu, atakuwa amepata ufunguo ambao utamsaidia zaidi kuliko orodha ndefu ya maneno. Mndru ni mtu, wandru ni watu. Ukanushaji huanza na ka- pale ambapo Kiswahili sanifu kina ha-. Wasi ni sisi, wala si shaka.

Sokoni kuna hesabu. Kiswahili kiliazima sita, saba na tisa kutoka Kiarabu. Kikomoro kimehifadhi ya kale. Mfukare ni saba, shendra ni tisa, kume ni kumi. Mwanafunzi wa isimu atafurahi kuyasikia. Mnunuzi mwenye haraka ataomba aambiwe bei kwa Kifaransa, kama tunavyofanya mara nyingi katika masoko yetu, na wauzaji wengi wa Moroni watamkubalia.

Sasa Kiswahili chenyewe kitakufaa wapi? Moroni kitakufaa sana. Wangazija walikaa Zanzibar kwa wingi, na wengi walirejea baada ya mapinduzi ya mwaka 1964. Watoto na wajukuu wao wanasema Kiswahili cha Unguja kwa ufasaha. Wafanyabiashara wanaokwenda Dar es Salaam kununua bidhaa wanakijua pia. Tena Sayyid Ahmad bin Sumayt, kadhi mashuhuri wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1925, alizaliwa Ngazija, na wasomi wa dini wa visiwani wanaukumbuka uhusiano huo kwa fahari. Lakini katika vijiji vya Nzwani na Mwali, Kiswahili ni lugha ya kigeni, na kijana aliyesoma atapenda kukujibu kwa Kifaransa. Anza kwa salamu ya Kikomoro, kisha uliza kwa upole ni lugha gani itawafaa nyote wawili. Utaratibu huo ni mfupi, na matunda yake ni mengi.

MTU MZIMA NI NANI?

Neno moja zaidi nimeliweka kando kwa sababu ndani yake mna nusu ya maisha ya Ngazija. Nalo ni mndrumdzima. Kwa sauti ni mtu mzima, na mgeni ataamini kwamba lina maana ya mtu aliyekomaa kwa umri. Sivyo. Mndrumdzima ni mwanamume aliyekamilisha anda, yaani ndoa kuu ya kimila, ambayo huja pengine miaka mingi baada ya ndoa ya kawaida ya kidini. Anda hudai dhahabu kwa bibi harusi, ng'ombe, mchele, karamu za siku nyingi na zawadi kwa mji mzima. Aliyeimaliza hukaa mbele msikitini, huvaa joho katika sherehe, na husema katika bangwe, kiwanja cha wazi ambamo mambo ya mji huamuliwa. Asiyeimaliza hubaki mwanamdji, mwana wa mji, hata akiwa na mvi, hata akiwa waziri au profesa. Ali Soilih alijaribu kuifuta desturi hii katika miaka yake michache ya utawala. Yeye aliondoka, anda ikabaki.

Mtafiti wa kwetu anayetaka kuzungumza na wazee katika bangwe ajue basi kwamba mpangilio wa viti si wa bahati nasibu. Asubiri aonyeshwe pa kukaa. Wala asidhani kwamba anayezungumza Kifaransa kizuri zaidi ndiye mwenye kauli.

Jambo jingine litamshangaza aliyezoea jamii nyingi za bara. Nyumba ni ya mwanamke. Wazazi humjengea binti yao, na mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Ardhi ya ukoo, iitwayo manyahuli, hupita kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa. Mambo hayo mawili ya mwisho wenzetu Wabemba na Walamba watayaelewa haraka kuliko wengine. Yote hayo yanakaa pamoja na Uislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ni dini ya karibu watu wote wa nchi. Kwa hiyo mgeni anayepokelewa nyumbani amshukuru kwanza mama mwenye nyumba. Bibi mzee huitwa koko, neno ambalo msemaji wa Lingala atalitambua, na babu ni bakoko.

Mavazi yawe ya staha. Kikwembe chetu kinakubalika kabisa, mradi mabega yamefunikwa. Wanawake wa Nzwani wana shiromani yao, na mara nyingi mgeni wa kike aliyevaa kwa heshima huulizwa kuhusu kitambaa chake, mazungumzo yakaanzia hapo. Pombe huuzwa mahali pachache, nayo isinywewe hadharani. Katika mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa barabarani mchana, hata kama wewe si Mwislamu. Ijumaa adhuhuri usipange mahojiano.

Chakula hakitakuwa kigeni sana. Bukari hautaupata, isipokuwa ujipikie. Wali, muhogo, ndizi na samaki ndivyo vya kila siku. Mataba ni majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa tui la nazi. Ni sombe. Ukisema hivyo mezani, ukaeleza kwamba kwenu majani hayo hayo hupikwa kwa mawese, utakuwa umejieleza kuliko kwa kuonyesha kadi ya chuo.

NJIA, MAJIRA, FEDHA

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Luano. Njia ya kawaida ni kupitia Addis Ababa, Nairobi au Dar es Salaam, kisha hadi uwanja wa Hahaya, kiasi cha kilomita 20 kaskazini ya Moroni. Ratiba hubadilika, kwa hiyo usinunue tiketi vipande vipande bila kuhakikisha kwamba siku zinapatana. Wageni wengi wamezoea kupewa viza wanapofika uwanjani, kwa malipo. Hata hivyo, mwenye pasipoti ya Congo aulize kwanza, na abebe barua ya mwaliko, tiketi ya kurudi na anuani ya mahali atakapolala. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mkononi, kwa kuwa nchi yetu imo katika orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, na viwanja vya njiani pia vinaweza kukidai. Malaria ipo visiwani. Mwaka 2024 kulikuwa na mlipuko mkubwa wa kipindupindu. Maji ya kunywa yachemshwe, kama tunavyojua.

Majira ni mawili. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni joto na mvua, na hapo ndipo vimbunga huweza kupita: Kenneth ilipiga Ngazija Aprili 2019, Chido ikapita Maore na kuigusa Nzwani Desemba 2024. Kuanzia Mei hadi Oktoba ni kiangazi chenye upepo wa kusi, sawa kabisa na kiangazi chetu kwa miezi, si kwa baridi; koti la Juni la Lubumbashi liache nyumbani, isipokuwa unapanda Karthala. Mwezi wa Julai na Agosti ndio msimu wa anda. Wakomoro wanaoishi Ufaransa, ambao kwa utani huitwa Je viens, hurudi kwa maelfu, na ndege hujaa. Mtafiti wa mila afike wakati huo, akubali gharama. Mtafiti wa nyaraka afike wakati mwingine.

Saa ya Moroni iko mbele ya saa ya Lubumbashi kwa saa moja. Fedha ni faranga ya Komoro, ambayo thamani yake imefungwa kwenye yuro: yuro 1 ni faranga 492 kasoro kidogo. Sisi tumezoea dola katika kila jambo, hata kununua mboga. Huko dola haina cheo hicho. Beba yuro, tena noti safi. Usitegemee kadi ya benki nje ya Moroni. Teksi za mjini na za vijijini hubeba abiria wengi pamoja, na nauli yake ni nafuu; uliza wenyeji bei kabla ya kupanda. Umeme hukatika, na kuhusu hilo sina la kumfundisha mtu wa Lubumbashi.

Kwa wenzetu wa chuo, mahali pa kwanza pa kubisha hodi Moroni ni Kituo cha Taifa cha Nyaraka na Utafiti wa Kisayansi, CNDRS, kilichoanzishwa mwaka 1979. Kina maktaba, hati za kale na jumba la makumbusho, ambamo huonyeshwa gombesa, samaki wa kale ambaye wataalamu wa Ulaya walimdhani ametoweka zamani za kale hadi mmoja aliponaswa Afrika ya Kusini mwaka 1938, na wa pili huku Komoro mwaka 1952. Wavuvi wa Komoro, kwa upande wao, walikuwa wakimjua na kumpa jina. Chuo Kikuu cha Komoro ni kichanga, kilianzishwa mwaka 2003, na walimu wake wengi wamesoma nje. Barua ya Kifaransa kutoka idara yako kwenda idara yao, ikitumwa miezi miwili kabla, itakuokoa na siku nyingi za kusubiri katika veranda.

MAORE

Limebaki jambo ambalo miongozo ya watalii hailitaji kwa ajili yetu. Katika kura ya Desemba 1974 visiwa vitatu vilichagua uhuru, ilhali Maore wengi walipiga kura ya kubaki na Ufaransa. Moroni haijawahi kukubali mgawanyiko huo, na Umoja wa Mataifa uliulaani. Ufaransa ikaendelea, na tangu mwaka 2011 Maore ni mkoa wake kamili. Mpaka mwaka 1995 Mzwani aliweza kwenda Maore kuuza ndizi na kumtembelea shangazi yake. Mwaka huo Ufaransa iliweka sharti la viza. Tangu hapo watu huvuka usiku kutoka Nzwani kwa mashua ndogo za uvuvi, na maelfu wamezama katika mkondo ambao ng'ambo yake, siku ya mbingu safi, inaonekana kwa macho.

Mashua hizo zinaitwa kwasa-kwasa. Jina hilo wengi hulihusisha na mtindo wa dansi uliotoka kwetu Congo katika miaka ya 1980, kwa vile mashua hucheza kiuno juu ya mawimbi. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba katika miaka ya karibuni walioingia ndani yake si Wakomoro peke yao. Wapo vijana wa Congo, pamoja na wa Burundi na Rwanda, waliofika Maore kuomba hifadhi. Kambi yao ya Cavani, mjini Mamoudzou, ilibomolewa mwanzoni mwa mwaka 2024. Kwa sababu hiyo kijana wa Kikongo anayetua Hahaya asishangae akiulizwa maswali zaidi ya abiria wenzake, hasa akisema kwamba anaelekea Nzwani. Ajibu kwa utulivu na aonyeshe barua yake. Baadaye, mjini au bandarini Mutsamudu, akitokea mtu mwenye maneno matamu akimwambia kwamba kuvuka ni saa chache tu na bahari imelala, asimsikilize.

Hata safari halali baina ya visiwa inahitaji tahadhari. Vyombo vya baharini mara nyingi hujazwa kupita kiasi. Uliza hali ya bahari kwa zaidi ya mtu mmoja, na asiyejua kuogelea achague ndege ndogo ikiwa fedha inaruhusu.

Wakomoro nao wamejua kufukuzwa ugenini. Desemba 1976 wengi wao waliuawa Mahajanga, Madagaska, na walionusurika walirudishwa kwa ndege za shirika la Sabena, lile lile la Kibelgiji lililotua Elisabethville tangu zamani. Mpaka leo watu hao na uzao wao huitwa Sabena. Mgeni akilisikia jina hilo asicheke, wala asidhani kwamba habari ni ya ndege.

Mtafiti anayetaka kuisikia Shimaore nyumbani kwake aombe viza ya Ufaransa akiwa bado nchini Congo, na aisome vizuri kabla ya kuondoka dirishani. Maore haimo katika eneo la Schengen, na viza ya Schengen peke yake haitoshi kuingilia kisiwani humo.